Mtoto hajawahi kumeza kidonge: usugu wa dawa umetoka wapi?

Swali: Mwalimu mmoja wa sekondari wa Morogoro ameniandikia hivi: "Daktari, salaam na pole kwa kazi. Binti yetu alizaliwa mimba ikiwa na majuma 31, akalazwa katika chumba cha watoto njiti. Siku ya tisa alianza kukataa maziwa, mwili ukapoa, tumbo likavimba. Walichukua damu yake kwenda kuotesha, wakamwanzishia ampisilini na jentamaisini, kisha seftriaksoni, bila nafuu. Majibu yalipotoka tuliambiwa ana Klebsiella pneumoniae inayozalisha ESBL, na maabara ya utafiti ikaongeza kwamba kimelea hicho kina jeni iitwayo CTX-M-15. Alibadilishiwa meropenemu, akapona, na sasa ana miezi mitatu. Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: mtoto ambaye hajawahi kumeza kidonge amekuwaje sugu kwa dawa? Mama mkwe anasema ni dawa alizomeza mke wangu akiwa mjamzito. Na kama ni jeni, je, tumemrithisha sisi, na atakuwa nayo maisha yake yote? Ana kaka yake wa miaka minne, na tunaogopa hata kuwalaza pamoja."

Jibu: Mwalimu, ahsante kwa barua yako, na poleni kwa yaliyowapata. Nianze na neno lenyewe, maana nadhani ndilo lililokutatiza, na si wewe peke yako. Sugu ni ile ngozi iliyokakamaa kwenye kiganja cha mkulima kwa kushika jembe, au kwenye paji la uso la mtu asujuduye sana. Ngozi ilikuwa laini, ikasuguliwa siku nenda rudi, ikazoea. Ndiyo sababu mtu akisikia usugu wa dawa hujenga picha ya mwili uliosuguliwa na vidonge mpaka ukavizoea, na katika picha hiyo mtoto wa siku tisa hana nafasi. Sisi wa maabara tulilichukua neno hili likatufaa, lakini picha iliyomo ndani yake hutusumbua kila tunapozungumza na wazazi.

Aliye sugu si binti yako. Mwili wake haujazoea dawa yoyote, na siku akiugua kwa kimelea kingine, dawa zilezile zilizoshindwa mara hii zinaweza kumponya. Kilicho sugu ni kimelea kilichoingia katika damu yake, na hata kimelea hicho hakikupata usugu kwa kuzoea: kilikuwa na jeni, na jeni hiyo ni maelekezo ya kutengeneza kitu. Imo ndani ya bakteria, haimo katika chembe hata moja ya mwili wa mtoto. Haikutoka kwako wala kwa mama yake kwa njia ambayo rangi ya macho au ugonjwa wa selimundu hutoka kwa wazazi. Nasisitiza hili kwa sababu nimewahi kukutana na baba aliyetaka kupimwa vinasaba baada ya kuambiwa habari kama yako, naye hakuwa mjinga hata kidogo. Aliambiwa nusu ya maneno tu.

Sasa tuone maelekezo hayo yanatengeneza nini. Bakteria kama Klebsiella ana ukuta ambao lazima ushonwe upya kila anapokua na kugawanyika, na zipo protini maalumu za kazi hiyo ya ushonaji. Penisilini na jamaa zake wote, wakiwemo ampisilini, seftriaksoni na meropenemu, hulenga protini hizo. Katika kila moja ya dawa hizi mna pete ndogo ya atomi nne, tatu za kaboni na moja ya nitrojeni, iitwayo pete ya beta-laktamu. Pete hiyo imekazwa kama mtego: protini ya ushonaji ikiigusa, pete hufyatuka na kuing'ang'ania, na tangu hapo protini hiyo haishoni tena. Ukuta hubaki na matundu, maji huingia, bakteria hupasuka. Jeni ya CTX-M-15 humpa bakteria kimeng'enya kinachoikata pete hiyo dawa ikiwa bado njiani, katika uwazi mwembamba ulio kati ya tando mbili zinazomzunguka. Kikishaikata moja, kimeng'enya kilekile hugeukia nyingine, na nyingine tena, bila chenyewe kuharibika. Ndiyo maana kuongeza dozi ya seftriaksoni kusingemsaidia binti yako. Ufupisho ESBL ulioandikwa kwenye majibu yenu ni jina la ukoo mzima wa vimeng'enya vya namna hii vinavyokata dawa za aina nyingi, na CTX-M-15 ni mmoja wa wanaukoo, tena ndiye aliyesambaa zaidi duniani.

Natamani ungeiona sahani ambayo mtaalamu wa maabara aliisoma asubuhi ile. Bakteria waliooteshwa kutoka kwenye damu hupakwa juu ya ute mgumu, kisha huwekwa juu yake vipande vya karatasi vya duara, milimita 6 kila kimoja, vilivyoloweshwa dawa mbalimbali, na sahani hulala kwenye kabati la joto usiku kucha. Asubuhi bakteria wameota wakawa kama zulia lenye rangi ya maziwa, na pale dawa inapofanya kazi hubaki duara tupu kuizunguka karatasi. Kwa kimelea kama cha mtoto wako, zulia hufika karibu kabisa na karatasi ya dawa za kundi la seftriaksoni, hata mtu huweza kudhani karatasi ile imesahauliwa kuwekwa dawa. Lakini jirani yake ikiwekwa karatasi yenye klavulanati, ambayo hukiziba kimeng'enya hicho, mpaka wa eneo tupu huvutika kutoka kwenye karatasi moja kuelekea nyingine na kufanya umbo linalofanana na tundu la ufunguo. Umbo hilo huonekana kwa macho matupu, bila darubini wala mashine ya gharama, na ndilo linalotuambia kwamba kimelea ni cha ESBL. Kujua kwamba ni CTX-M-15 hasa, na si ndugu zake, ndiko kunakohitaji mashine ya kusoma vinasaba, na ndiyo sababu jina hilo mlilipata kutoka maabara ya utafiti.

Katika barua yako kuna jambo ambalo huenda hukulipa uzito, lakini mimi ndilo lililonisimamisha: jentamaisini nayo ilishindwa. Jentamaisini haina pete ya beta-laktamu. Hushambulia mahali pengine kabisa, pale bakteria anapotengenezea protini zake, na kimeng'enya cha CTX-M-15 hakiwezi kuigusa. Ilishindwaje basi? Jibu ni kwamba jeni hii mara nyingi haisafiri peke yake. Bakteria, mbali na kromosomu yake kubwa, huwa na vipande vya ziada vya vinasaba vilivyofungwa duara, viitwavyo plasmidi, na plasmidi zinazobeba CTX-M-15 kwa kawaida hubeba pia jeni ya kuibandika jentamaisini kikorokoro kinachoifanya isifae, nyingine ya kuikwepa septrini, nyingine ya kuistahimili tetrasaiklini, na mara nyingi nyingine ya kupunguza makali ya siprofloksasini. Zinasafiri kama abiria wa basi moja.

Matokeo ya safari hiyo ya pamoja ni mabaya kuliko watu wanavyofikiri. Mtu anayemeza septrini kwa mafua, ambayo haiyatibu hata kidogo, huwaua bakteria wasio na plasmidi ile katika utumbo wake na kuwaachia uwanja walio nayo, na hao wakiongezeka, jeni ya kuikata seftriaksoni huongezeka nao, ingawa mtu huyo hajawahi kuchomwa seftriaksoni maishani mwake. Dawa moja huzilinda jeni za kuzishinda dawa zote zilizomo katika basi hilo.

Tena plasmidi haisubiri kurithiwa. Wewe ni mwalimu, utanielewa nikisema kwamba bakteria hunakiliana majibu ndani ya chumba cha mtihani. Bakteria mwenye plasmidi hutoa kinyuzi, humvuta jirani hadi wakagusana, kisha hupitisha nakala. Baada ya hapo wote wawili wanayo, na aliyetoa hajapungukiwa. Jirani huyo si lazima awe wa aina yake. E. coli anaweza kumpa Klebsiella, Klebsiella akampa Enterobacter, kana kwamba mwanafunzi wa shule moja amenakili kwa mwanafunzi wa shule nyingine. Wajapani waliliona hili katika miaka ya 1950, wagonjwa wa kuhara damu walipoanza kukutwa na Shigella iliyokuwa sugu kwa dawa nne kwa mpigo. Kwa kubahatisha tu, kimelea kingehitaji mabadiliko manne tofauti ili kufika hapo, jambo lisiloelekea kutokea kwa muda mfupi namna ile. Walipochanganya E. coli sugu na Shigella isiyo sugu katika chupa moja, wakakuta usugu wa dawa zote nne umehama pamoja.

Jeni yenyewe ina umri gani? Watu wengi hudhani imezaliwa na matumizi mabaya ya dawa, nami huwa nalirekebisha hilo polepole, kwa kuwa nusu yake ni kweli. Jeni za ukoo wa CTX-M zilikuwa zikiishi ndani ya Kluyvera, bakteria wa udongoni na majini ambaye ni nadra kumdhuru mtu. Kipande cha vinasaba chenye tabia ya kuruka kutoka mahali hadi mahali, kiitwacho ISEcp1, kiliinyanyua jeni kutoka kwenye kromosomu ya Kluyvera na kuitua kwenye plasmidi, na kikaongeza juu yake swichi inayoifanya ifanye kazi kwa nguvu. CTX-M-15 ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2001, kutokana na vimelea vya wagonjwa wa India. Lakini jeni za namna hii ni za kale sana: mwaka 2011 watafiti walichapisha habari za vinasaba walivyovitoa katika udongo ulioganda wa Yukon, Kanada, wenye umri wa miaka 30,000, wakakuta mna jeni za kuzishinda dawa za kundi la penisilini. Hata kimeng'enya cha kwanza cha kuiharibu penisilini kilielezwa na Abraham na Chain wa Oxford mwaka 1940, dawa yenyewe ikiwa haijafika hospitalini. Bakteria na kuvu wa udongoni walikuwa wakirushiana sumu hizi na kinga zake zama hizo zote. Sisi tulichofanya ni kuzimwaga sumu hizo kwa tani, katika hospitali na mabanda ya mifugo, hata jeni iliyokuwa na faida ndogo porini ikawa na faida kubwa mno wodini.

Faida hiyo inaweza kuhesabiwa. E. coli akiwa katika hali nzuri hugawanyika kila baada ya takriban dakika 20, na Klebsiella hayuko nyuma sana. Ukimwacha mmoja kwa saa kumi, bila kumpunguzia chakula, umepata vizazi 30, yaani zaidi ya bilioni moja. Katika wodi ambako karibu kila mtoto anapewa dawa ya aina moja, bakteria wote wasioweza kuistahimili hufyekwa, na yule mmoja mwenye jeni hubaki na utumbo mzima wa mtoto bila mshindani.

Hapo ndipo tunafika kwenye swali la nani alimletea, na hapa nitamtetea mkeo, kwa heshima zote kwa mama mkwe. Mama mkwe hakukosea kabisa: mama huweza kuwa na bakteria hawa katika utumbo wake, nao wakamfikia mtoto wakati wa kuzaliwa, na dawa za kiholela wakati wa ujauzito huongeza uwezekano huo. Lakini maambukizi ya namna hiyo kwa kawaida hujitokeza katika saa 72 za mwanzo. Binti yako alianza kuugua siku ya tisa, akiwa amelazwa muda wote huo, na pengine amewekewa kanula mkononi na mpira wa kulishia puani. Mtoto wa majuma 31 ana ngozi nyembamba kama karatasi, na utumbo wake bado haujapata bakteria wema wa kuwazuia wageni. Kwa uzoefu wangu, mtoto wa hali hiyo akiugua siku ya tisa kwa Klebsiella ya ESBL, mahali pa kwanza pa kutazama ni wodi: mikono, maji, vifaa, na vimiminika vinavyochangiwa.

Nikupe mfano. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, tuliitwa baada ya watoto wachanga kadhaa kukutwa na Klebsiella ya namna moja katika majuma machache. Tulichukua sampuli kwenye vitanda, kwenye mashine za hewa, kwenye mizani, kwenye vipini vya milango, tukaambulia patupu. Kisha mwenzetu mmoja akabonyeza sabuni ya maji pale kwenye sinki, akaona inatoka nyepesi kama maji ya kuoshea wali. Chupa ile ilikuwa ikijazwa juu kwa juu kwa miezi, na sabuni ilipopungua iliongezwa maji. Tuliiotesha, na kesho yake sahani ilikuwa imejaa vidoa vikubwa vya rangi ya waridi, vinavyoteleza kama kamasi, ambavyo mtu aliyezoea huvitambua kabla hata ya kusogeza kiti. Wauguzi walikuwa wakinawa kwa bidii, na kila waliponawa walijipaka kimelea. Sikuweza kumlaumu hata mmoja wao. Usiku, muuguzi mmoja alikuwa na watoto zaidi ya ishirini.

Usidhani hili ni la hospitali zetu peke yake. Mwezi Juni 2011 mgonjwa mmoja alihamishwa kutoka New York kwenda hospitali ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, iliyoko Bethesda, Maryland, akiwa na Klebsiella yenye jeni ya KPC, ambayo hukata hata meropenemu. Walijua tangu mwanzo, wakamtenga, wakavaa magauni na glavu, na katikati ya Julai akaruhusiwa kurudi nyumbani. Wakashusha pumzi. Tarehe 5 Agosti mgonjwa mwingine akakutwa na kimelea hichohicho, na hadi mkasa ulipozimwa wagonjwa walikuwa 18, ambao 11 kati yao walikufa, sita kwa sababu ya maambukizi hayo. Watafiti walisoma vinasaba vya kila kimelea, herufi kwa herufi, wakaweza kuchora nani alimwambukiza nani. Picha iliyotokea ilionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa walikibeba tumboni kwa majuma bila dalili yoyote, huku wakikipitisha kwa wengine. Kimelea kilikutwa kwenye mifereji ya sinki, na kwenye mashine ya kupumulia iliyokuwa imekwisha kusafishwa.

Kwa Tanzania, tahadhari ilitolewa mapema. Utafiti wa damu za watoto waliolazwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2001 na 2002, uliochapishwa 2005, ulikuta robo ya E. coli na asilimia 17 ya Klebsiella pneumoniae zina ESBL, na CTX-M-15 ilikuwamo. Miongoni mwa watoto waliokuwa na vimelea hivyo, asilimia 71 walifariki, wakati kwa watoto wenye vimelea vya jamii hiyohiyo visivyo na ESBL ilikuwa asilimia 39. Soma tena namba hizo mbili, Mwalimu, halafu utaelewa kwa nini daktari wenu alikimbilia meropenemu mara majibu yalipotoka, na kwa nini nasema hospitali iliyootesha damu ya mtoto wako ilifanya jambo ambalo hospitali nyingi za wilaya bado hazina uwezo wa kulifanya. Bila sahani ile, wangeendelea na seftriaksoni.

Meropenemu ilimponya kwa sababu pete yake imelindwa kwa namna ambayo CTX-M-15 haiwezi kuikata kirahisi. Lakini nayo imeshapata adui. Mbali na KPC niliyoitaja, ipo NDM-1, iliyogunduliwa kwa mgonjwa nchini Sweden mwaka 2008 ambaye alikuwa ametibiwa India, na ikapewa jina la New Delhi, jambo lililowaudhi Wahindi, nami naona walikuwa na haki, kwani jeni haina uraia. Miaka miwili mitatu baadaye ilithibitishwa kwamba Klebsiella yenye NDM-1 ilikuwa tayari imetoka kwa wagonjwa wa Nairobi kati ya 2007 na 2009. Mwanza nako, utafiti uliochapishwa 2014 ulichunguza vimelea 227 ambavyo vilikwisha kuwa sugu kwa dawa nyingi, ukakuta takriban theluthi yake vina jeni moja au zaidi ya kuzikata dawa za kundi la meropenemu. Kimelea kikifika hapo hubaki dawa chache, kama kolistini, ambayo huumiza figo, na mwaka 2015 Wachina walitangaza jeni ya kuishinda hata hiyo, mcr-1, ikiwa juu ya plasmidi, kwa nguruwe na kwa watu.

Kuhusu lawama, nitasema ninaloliamini, hata kama wenzangu wengine hawatakubaliana nami. Kwa miaka mingi tumemnyooshea kidole muuza duka la dawa muhimu anayetoa vidonge vinne vya amoksilini bila cheti, na ni kweli mchango wake upo. Lakini kwa maambukizi ya wodini kama haya ya binti yako, naupa bomba la maji uzito mkubwa kuliko duka. Jeni ikishaingia hospitalini huhamishwa kwa mikono, na mikono haiwezi kuwa safi pasipo maji, pasipo spiriti ya kupangusia, na pale chupa moja ya maji ya kuyeyushia dawa inapochomwa sindano kumi kwa watoto kumi.

Tuje nyumbani kwako. Uwezekano ni mkubwa kwamba binti yako bado ana Klebsiella au E. coli wenye jeni hiyo katika utumbo wake, na hilo si ugonjwa. Akiwa utumboni, bakteria huyu hukaa kama wengine. Hudhuru anapopenya kwenye damu, mkojo au mapafu, na kwa mtoto aliyeongezeka uzito, asiye na kanula wala mipira, hilo halitokei kwa wepesi. Atakaa naye muda gani? Kipimo kizuri tulicho nacho ni cha watu wazima: Waholanzi waliwafuatilia wasafiri wasiokuwa na ESBL kabla ya safari, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Thuluthi moja walirudi nayo, nusu yao walikuwa wameipoteza baada ya siku 30 hivi, na baada ya mwaka mmoja ni kama asilimia 11 tu ya waliorudi nayo waliobaki nayo. Kwa mtoto njiti aliyeanza maisha na bakteria hao, tazamia muda mrefu zaidi, miezi mingi pengine, lakini si maisha yake yote. Kubeba plasmidi kubwa kunamgharimu bakteria, na pasipo dawa ya kumpa faida, wasioibeba mara nyingi humpita mbio.

Kwa hiyo msimtafutie dawa ya kumsafisha utumbo. Hakuna antibayotiki ya kazi hiyo kwake, na mtakayompa itafanya kinyume: itawaua washindani na kumnenepesha huyo mnayemtaka aondoke. Anyonyeshwe maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita kama mlivyoelekezwa kliniki, kwani sukari fulani za maziwa hayo huwalisha bakteria wema na si huyo mwenye jeni. Kaka yake alale naye, ambusu, ambebe. Njia ya bakteria hawa ni kinyesi kwenda kinywani, hivyo anayebadilisha nepi anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na kijana wa miaka minne afundishwe kunawa kabla ya kula, jambo ambalo mngemfundisha hata kama mdogo wake asingelazwa. Yeye akikutwa nao pia, si hoja ya kumpeleka hospitali maadamu ni mzima.

Jambo moja lifanyeni wiki hii. Rudini hospitalini mwombe nakala ya majibu ya kuotesha damu, yale yenye orodha ya dawa zilizofanya kazi na zilizoshindwa, na mwombe muuguzi aandike kwenye kadi ya kliniki ya mtoto: Klebsiella pneumoniae, ESBL, CTX-M-15, pamoja na tarehe. Akipata homa kabla hajatimiza mwaka, toeni kadi hiyo mfukoni kabla ya salamu hazijaisha, mseme alilazwa akiwa njiti na alikuwa na kimelea cha ESBL katika damu. Homa hiyo huenda ikawa malaria au mafua tu, na daktari atapima. Lakini kama ni maambukizi ya damu, atajua tangu saa ya kwanza kwamba hapaswi kuitegemea seftriaksoni peke yake, na atachukua damu ya kuotesha kabla ya kuchoma sindano yoyote, kwa sababu dawa ikitangulia, sahani inaweza kutoka tupu wakati kimelea kipo.